Udongo Kwanza, Gia Baadaye

Ukiiacha lami ya Kahama na kushika njia za ndani kuelekea Nyang'hwale, udongo unabadilika kila unaposhuka na kila unapopanda, na Wasukuma wana jina la kila mmoja. Juu, karibu na mawe ya vilima, kuna luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Ukishuka unakuta itogolo, udongo unaokauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua ikinyesha maji hukaa juu yake bila kuzama. Chini kabisa bondeni ni mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono mzima. Masika huvimba, nyufa zikafunga, ukashika kila kinachoukanyaga. Huko ndiko yaliko majaruba ya mpunga. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alizunguka Tanganyika akichunguza jinsi udongo unavyopangana kutoka kilimani hadi bondeni, na Usukumani alikuta wakulima wameshaupanga na kuupa majina.

Dereva ninayemwandika hapa anausoma mpango huohuo kupitia kioo cha gari. Anaendesha Land Cruiser ya mkonga, ile ya injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, isiyo na tabo. Mzigo wake ni masanduku ya sampuli za mawe, maana dhahabu ya ukanda huu, kuanzia Bulyanhulu hadi Geita na Nyarugusu, imo kwenye miamba ya vilima, na kati ya kilima na kilima lazima uvuke bonde. Nimekaa kiti cha pembeni yake mara nyingi, na kila safari nimeona kazi ikifanyika kwa utaratibu uleule, bila haraka.

Huanza na magurudumu ya mbele. Katikati ya kila moja kuna habu yenye kitasa cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, gurudumu linazunguka peke yake na ekseli imelala. Kikiwa LOCK, viwili hivyo vimeshikana. Wapo madereva wanaosahau hatua hii. Huingiza fowili wakiwa bondeni, taa ikawaka kwenye dashibodi, wakaamini magurudumu yote manne yanavuta, kumbe ya mbele hayapati nguvu hata kidogo. Yeye huchuchumaa, huzungusha kitasa cha kushoto hadi kigote, kisha hukijaribu tena kwa vidole kuhakikisha kimekaa. Ndipo huzunguka kwenda cha kulia. Msimu wa mvua habu zake hukaa LOCK, isipokuwa akiwa na safari ndefu ya lami.

Baada ya habu ni upepo. Tairi zake ni 7.50R16, nyembamba na zenye meno, na geji anayo mfukoni mwa shati kama wengine wanavyobeba kalamu. Kwa lami na mzigo anataka psi 40 na zaidi. Lami ikiisha husimama, hushuka, na kupunguza hadi 25 hivi, tairi moja baada ya nyingine, mpaka ubavu utune kidogo. Tairi iliyopunguzwa upepo hulala chini kwa eneo kubwa zaidi, na uzito wa gari ukasambaa. Tandiboi wake alishawahi kumuuliza mbele yangu kwa nini wasiende tu hadi wakikwama ndipo wapunguze. Akamjibu, "Ukishakwama, mwanangu, hiyo valvu utaitafutia ndani ya tope."

Kwenye lami gari liko H2, nguvu inaenda nyuma tu. Sababu yake inafaa kuelezwa, kwa sababu gari nyingi zimeharibiwa na watu wasioijua. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ukiwa H4 kwenye gari la aina hii, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, lazima zizunguke sawasawa. Kwenye mchanga au tope tofauti hiyo huishia kwenye tairi kuteleza kidogo, wala huhisi kitu. Kwenye lami kavu tairi hazitelezi, kwa hiyo ugomvi wote unabaki ndani ya vyuma: usukani unakuwa mzito, gari linajivuta kwenye kona, na meno ya gia yanabeba mkazo ambao hayakuundiwa. Ndiyo maana H4 yeye haigusi mpaka ardhi iwe laini, na ikirudi kuwa ngumu anaitoa.

Tukifika luseni anaingiza H4 gari likiwa bado linatembea. Husubiri njia inyooke, huinua mguu kidogo kwenye mafuta, na kusogeza kile kigia kifupi kilicho kando ya gia kubwa. Unakisikia kikiingia, lakini hukioni kikisukumwa. Kwenye mchanga hapigi breki. Akitaka kupunguza mwendo huachia mafuta na kuuacha mchanga wenyewe ulishike gari. Breki ingerundika mchanga mbele ya tairi, na kuondoka tena kungekuwa kuukwea huo mchanga.

Itogolo humpa kazi ya namna nyingine. Maji yametanda, rangi ya kahawia, na mgeni angedhani ni bwawa. Yeye anajua chini yake kuna sakafu. Hatari ya hapo ni kuteleza, kuzama si rahisi. Anashika gia ya tatu, mwendo mmoja, usukani mikononi kwa wepesi, wala hafanyi jambo lolote la ghafla.

Mbuga ikianza anasimama. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi, maana gari lina nguvu, foleni ya watu wenye haraka iko nyuma, na yeye anazima injini na kuvaa gambuti. Hutembea kwanza. Hubeba fimbo na kuichoma kwenye alama za magurudumu walizopitia wengine, kushoto, kulia, katikati, akiangalia inaingia kiasi gani na inatoka na nini. Huangalia nyasi: palipo na nyasi ndefu zilizosimama, mizizi bado inaushika udongo. Huangalia majaruba, kama tuta limebomoka na kumwaga maji njiani. Safari ninayoikumbuka vizuri kulikuwa na mzee akitengeneza tuta lake kwa jembe. Dereva alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," wakaulizana habari za mvua na za mpunga mpaka zikatosha, ndipo akauliza njia. Mzee akamwonyesha kwa mpini wa jembe: trekta lilipita jana upande wa kulia, likachimba, mikokoteni ya ng'ombe inapita kushoto, karibu na mti wa mgunga. Habari hiyo isingepatikana kwenye chombo chochote cha dashibodi.

Aliporudi garini alikuwa ameshaamua. L4 huingizwa gari limesimama kabisa na klachi imekanyagwa hadi chini. Katika L4 gia zote zinapungua mwendo kwa zaidi ya mara mbili, na nguvu kwenye gurudumu inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Madereva wengi hapo huweka namba moja kwa kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Yeye aliweka namba tatu. Tope jeusi likishajaza meno ya tairi, nguvu nyingi huizungusha palepale, nayo ikishazunguka bure inajichimbia shimo. Alitaka nguvu ya kutosha na mwendo wa kutosha, ili tairi izunguke kiasi cha kurusha tope lililoganda juu yake.

Akaondoka kwa kuachia klachi taratibu, na gari likiwa linatembea hakuigusa tena. Kubadili gia katikati ya mbuga ni kupoteza mwendo, na mwendo ukipotea pale haurudi. Injini iliimba sauti moja. Gari lilipoanza kulemea alizungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, mfululizo, ili ubavu wa tairi za mbele utafute ukuta mpya wa udongo wa kung'ata. Sehemu ya nyuma ya gari ilikuwa ikiyumba. Yeye alitazama mbele, kule alikotaka kutokea.

Karibu na ule mgunga gurudumu la nyuma la kushoto likaangukia kwenye mfereji uliochimbwa na mikokoteni. Gari likainama, gurudumu la kulia likawa jepesi, likaanza kuzunguka. Kabla halijamaliza hata mzunguko wa pili mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye mafuta. Wengi wetu tungekanyaga zaidi. Kila mzunguko wa bure ni udongo unaoondoka chini ya gari, na kinachofuata ni difu kukalia ardhi.

Difu ipo ili magurudumu mawili ya ekseli moja yaweze kwenda mwendo tofauti kwenye kona. Ubaya wake ni kwamba gurudumu lisilo na mzigo huzunguka ovyo, na lile lililoshika ardhi hupata nguvu ndogo ileile, isiyotosha kusogeza kitu. Dawa yake kwenye mkonga ni difuloki, ambayo huzifunga ekseli za kushoto na kulia zikaenda pamoja, kama maksai wawili walio kwenye nira moja. Lakini hakuikimbilia. Alishuka na sepetu, akafungua njia mbele ya tairi zote nne, akatoa udongo uliogusa difu, akakata matawi akayalaza mferejini. Tandiboi alitaka kusaidia kwa kutupa mawe. Akamwambia mawe yatazama tu, alete nyasi. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko uvukaji wenyewe.

Ndipo akazungusha swichi ya difuloki kwenye alama ya nyuma. Taa ilimetameta, maana meno yalikuwa hayajakutana. Akasogeza gari kiganja kimoja, taa ikatulia. Ya mbele hakuifunga, kwa kuwa ukifunga mbele usukani unagoma na gari linataka kwenda moja kwa moja. Hiyo huiweka akiba. Gia ya pili, mafuta kidogo, na gari likapanda kutoka mferejini polepole, magurudumu yote ya nyuma yakizunguka kwa mwendo mmoja, bila kurusha hata donge.

Nyuma yetu kulikuwa na Prado, kijana akiiendesha, nayo ina mfumo wa kompyuta wa kuzuia tairi kuteleza. Humo kila gurudumu lina kihisi kinachohesabu mizunguko. Moja likianza kwenda mbio kuliko mengine, kompyuta inalifungia breki hilo peke yake, na difu, ikikuta upande ule mzito, inapeleka nguvu upande wenye mshiko. Kazi ya difuloki inafanywa na breki, mara nyingi kwa sekunde, kwa mlio wa kukwaruza ambao humtisha asiyeuzoea. Kijana aliusikia, akaachia mafuta. Gari likasimama.

Dereva wetu alirudi kwa miguu hadi dirishani kwake. Hakuna dharau niliyoisikia katika maneno yake, wala kujisifu kwa vyuma vya zamani. "Huo mlio ndio kazi yenyewe, mwanangu," alimwambia. "Ukiachia mafuta unaiambia iache. Kanyaga hapohapo, usizidishe, usipunguze, uipe nafasi." Akamweleza pia kwamba mfumo unasubiri tairi iteleze kwanza ndipo ufanye kazi, kwa hiyo njia ya kupita bado ni lazima aichague mwenyewe, na kwamba kwenye tope zito kompyuta inaweza kupunguza nguvu ya injini kwa kudhani inasaidia, na kwa sababu hiyo kuna kitufe cha kuizima sehemu hiyo. Kijana akakanyaga, akavumilia mlio, breki zikafanya hesabu zao, Prado ikasogea kwa vipande vipande hadi kwenye nyasi tulizolaza, na kutoka hapo ikapita.

Upande wa pili kazi ilirudiwa kinyumenyume. Difuloki ilishatolewa mara tu mfereji ulipopitwa. Palipokauka alisimama, akatoa L4 kwenda H4, akarudi nyuma kidogo kwa mstari ulionyooka ili vyuma vilivyokazana vilegee. Akachukua panga na kukwangua tope ndani ya rimu, kwa kuwa likikaukia upande mmoja usukani hutetemeka kwenye mwendo. Akatoa nyasi kwenye rejeta. Karibu na barabara kuu alichomeka pampu kwenye betri na kujaza upepo tairi zote, akipima kila moja kwa ile geji ya mfukoni, kisha akaweka H2.

Jioni, gari likiwa limepoa, alilala chini yake kwenye gunia na kufungua nati ya difu ya nyuma, halafu ya mbele. Maji yakiingia humo wakati wa kuvuka, oili hugeuka nyeupe na haifai tena, na meno huanza kuliwa siku hiyohiyo. Alichovya kidole, akasugua oili kati ya dole gumba na cha shahada, akaisogeza kwenye tochi. Ya nyuma ilikuwa safi. Ya mbele ilikuwa imeanza kupauka. Akamtuma tandiboi beseni na dumu la oili mpya, na wakaanza kuimwaga.