Sahihi ya Pembeni

Edward Saidi Tingatinga hakupita chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora chui, ndege na tembo juu ya vipande vya silingibodi kwa rangi za baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne ilitosha jina lake kuwa jina la uchoraji mzima.

Wenye kuudharau uchoraji huu husema wachoraji wake wanaigana. Kweli wanaigana, wala hawafichi. Omari Amonde na wenzake walijifunza kwa kuutazama mkono wa Tingatinga. Lakini kaa na fundi akiwa kazini. Anapaka usuli kwanza, anausubiri ukauke, maana rangi ya mafuta haina haraka na vumbi likishatua humo limetua. Ndipo anaweka umbo la chui, kisha madoa, moja moja, kila doa na kiini chake. Hapo kuiga kunagonga mwamba: mkono wa huyu hubonyeza brashi, wa yule huigusisha tu. Akimaliza, anaandika pembeni jina lake mwenyewe. Chui ni wa wote, sahihi ina mwenyewe. Walioghushi sahihi ya marehemu ili wauze ghali ni wezi, basi.

Hata asiyejua kuandika jina lake anaweza kuwa msanii. Miaka ya 1950 sokwe mmoja wa London, aitwaye Congo, alichora mamia ya picha akiangaliwa na mtaalamu wa wanyama Desmond Morris. Ukimnyang'anya karatasi kabla hajamaliza, alikuja juu. Akishamaliza, hakushawishika kuongeza hata mstari. Mimi huyo namwita msanii, maana alijua mwenyewe pa kuishia.

Mashine je? Mwaka 2018 mnada wa Christie's, New York, uliuza kwa dola 432,500 picha ya kompyuta, mtu mwenye uso uliofifia. Mahali pa sahihi palichapwa kanuni ya hesabu. Kompyuta ilikuwa imelishwa picha zipatazo 15,000 zilizochorwa na watu kwa karne kadhaa, na ingeendelea kutoa nyuso hadi umeme ukatike. Waliosema "huu umetosha" ni vijana watatu wa Ufaransa walioiendesha. Kwa hiyo kazi ni yao, na uso ule ukiwa mbaya, lawama ni yao pia. Wangeandika majina yao pale pembeni, kama wanavyofanya mafundi wa Dar es Salaam.