Taarifa iliyokataliwa mlangoni

Ripoti ya GitLab kuhusu ajali ya Januari 31, 2017 inasifiwa kwa uwazi wake, na inastahili. Mhandisi alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, karibu GB 300. Haya, kufuta kwa bahati mbaya kunatokea.

Kasheshe ni skripti. Kila siku ilijaribu kunakili hifadhidata kwa pg_dump ya toleo la 9.2, wakati seva ilikuwa PostgreSQL 9.6. Ikagoma. Ikatuma barua pepe ya kosa, nayo ikakataliwa kwa kukosa saini inayotakiwa na utaratibu wa DMARC. Ghala la S3 lilikuwa tupu na hakuna aliyejua! Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono, kama saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Data za hizo saa sita zikapotea.

Ripoti inakiri kwamba kazi ya kujaribu kurejesha nakala haikuwa na mwenyewe. Sawa, ila ningependa ichimbe zaidi: mtindo wa kupiga kelele pale tu panapoharibika una kasoro. Huku Zagayu, mlinzi wa sungusungu anapiga mwano akimwona mwizi. Sasa akiwa amelala je? Usiku wake na usiku wa amani vinafanana kabisa. Skripti iseme pale inapofanikiwa, iiambie seva nyingine, na itaje ukubwa wa faili. Saa 26 zikipita bila neno, hiyo seva ya pili ndiyo ipige mwano.