Padri Aliyetaja Majina

Shosho ana ukuta wa watakatifu. Uko juu ya kochi, nyumbani kwake Free Area hapa Nakuru, na haujabadilika tangu nikiwa mdogo: Moyo Mtakatifu wa Yesu, Bikira Maria, kalenda ya parokia, halafu Mashahidi wa Uganda. Hao wa mwisho ndio nilikuwa nawatazama sana. Moto unawaka chini yao na nyuso zao zimetulia tu, kama vijana wanaopigwa picha siku ya kufunga shule.

Mwaka jana nilimuuliza kwa nini hana picha ya Padri Kaiser. Huyo hakumsoma kitabuni. Alimwona kwa macho yake kambini Maela. Shosho akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kaiser wa kuweka ukutani? Huyo alikuwa anatupigia kelele tupange laini ya mahindi. Watakatifu hawapigi kelele, mwanangu."

Nimekaa na hilo jibu muda mrefu, maana naona ni uhakiki mzuri kuliko huu ninaoandika. Shosho ametaja kasoro ya karibu hadithi zote za watakatifu tulizolelewa nazo: ndani yake watakatifu wamenyamazishwa.

Chukua vile vijitabu vinavyouzwa nje ya kanisa baada ya misa. Ukisoma vitatu, umesoma vyote. Mtoto mwema anazaliwa. Anampenda Mungu kuliko wenzake. Mfalme mbaya anatokea, na ubaya wake hauna sababu, ni mbaya tu kama mvua ya mawe. Mtakatifu anakataa, anateswa, anakufa akitabasamu. Mwisho kuna sala ya kumwomba atuombee. Hakuna aliyemuuliza mfalme alikuwa anaogopa nini. Hakuna aliyeuliza huyo kijana alisema neno gani hasa mpaka ikawa lazima afe.

Na kwa mashahidi wa Uganda majibu yapo. Yusufu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Mwezi Oktoba 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana, aliuawa Busoga akiwa njiani kuingia Buganda. Mukasa, ambaye alikuwa Mkatoliki, akamwendea kabaka na kumwambia kwamba kumuua mgeni vile ilikuwa makosa. Mwezi Novemba yeye mwenyewe akauawa. Moto wa Namugongo, ule wa picha ya Shosho, ulikuja tarehe 3 Juni 1886. Mwanga naye alikuwa kijana mdogo kwenye kiti, na Wazungu walikuwa wanaligawana bara hili vipande vipande. Hofu yake haikuwa ya bure, ingawa alichofanya ni unyama.

Ukisimulia hivyo, Mukasa anakuwa mtu aliyeingia kwa bosi wake na kumwambia ukweli kuhusu maiti ya mtu wa dhehebu lingine. Mimi huyo ningemfuata kesho. Lakini Mukasa hayumo kwenye picha ya ukutani, kwa sababu sentensi haichoreki na moto unachoreka.

Haikuanza hivi. Moja ya maandishi ya kale kabisa ya mashahidi wa Kikristo yanatoka Afrika, Carthage, tarehe 17 Julai 180, na yameandikwa kama kumbukumbu ya korti. Watu kumi na wawili wa mahali panapoitwa Scilli wamesimama mbele ya gavana wa Kirumi. Gavana anauliza, wao wanajibu. Anamuuliza mmoja wao, Speratus, amebeba nini kwenye kasha lake, naye anasema ni vitabu na barua za Paulo. Wanapewa siku 30 za kufikiria. Wanazikataa. Majina yao yanasomwa, wanahukumiwa. Imeisha. Hakuna malaika anayeshuka, hakuna simba anayelamba miguu. Ni maswali, majibu na majina.

Kiswahili kimelihifadhi hili vizuri kuliko vijitabu vyetu. Shahidi ni yule aliyekufa kwa imani, na shahidi ni yule anayesimama kizimbani kusema alichokiona. Neno ni lile lile. Sisi tumechukua maana ya kwanza tukaitundika ukutani, ya pili tukawaachia mawakili.

Ndiyo maana namrudia Kaiser, ambaye hajatangazwa mtakatifu na pengine hatatangazwa.

John Anthony Kaiser alizaliwa Minnesota, Marekani, mwaka 1932. Alipitia jeshini kabla ya kujiunga na wamisionari wa Mill Hill, akapewa upadri na kuja Kenya mwaka 1964. Karibu miaka 30 alikuwa Kisii, akijenga makanisa kwa mikono yake, akizunguka na pikipiki, akiwinda nyama kwa bunduki. Mwezi Oktoba 1993 watu walivamiwa na kufukuzwa Enoosupukia, kule juu upande wa Narok, na maelfu wakashuka Maela, karibu na Naivasha. Shosho alikuwa mmoja wao, na mama yangu akiwa msichana wa shule ya msingi. Mwaka 1994 askofu wa Ngong akamtuma Kaiser kukaa nao. Ilipofika mkesha wa Krismasi mwaka huo, serikali ikaanza kuivunja kambi. Watu wakapakiwa kwenye malori na kwenda kumwagwa Mkoa wa Kati. Kaiser alipinga, polisi wakamtoa kambini.

Angeweza kuishia hapo, apate hadithi nzuri ya kusimulia akirudi kwao. Badala yake akahamia Lolgorien, Transmara, akahudumia Wamaasai, na mwaka 1999 akaenda mbele ya Tume ya Akiwumi iliyokuwa inachunguza mapigano ya kikabila. Pale akafanya kile ambacho wakubwa wa enzi hiyo hawakuwa wamezoea: alitaja majina ya watu waliokuwa serikalini, na aliyataja kamili. Mwaka huo huo serikali ikataka kumfukuza nchini, kisha kelele zilipozidi ikarudi nyuma. Mwaka 2000 Chama cha Wanasheria wa Kenya kikampa tuzo ya haki za binadamu. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti mwaka huo mwili wake ukaonekana Morendat, kando ya barabara ya Naivasha kuja Nakuru, amepigwa risasi kichwani, bunduki yake ikiwa karibu. Alikuwa na miaka 67.

Alikuwa ameacha maandishi. Yalitoka kama kitabu mwaka 2003, kinaitwa If I Die, na ndicho kitabu cha mtakatifu ninachoweza kukupa bila aibu.

Nisikudanganye, si kitabu kitamu. Hakina mpangilio wa kukuvuta, na kuna mahali padri anakasirika mpaka unasahau alikuwa anaeleza nini. Ukikifungua ukitafuta sala, utakutana na ardhi: nani alikuwa analima wapi, nani alifukuzwa, kura zilihesabiwaje baadaye. Imani imo, lakini imekaa kama msumari ndani ya mbao. Huuoni, ila ndio unaoshika. Na anamwambia msomaji mapema kwamba akipotea, wasije wakasema alijipangia mwenyewe. Vijitabu vya nje ya kanisa haviwezi kuandika hivyo, kwa sababu ndani yake mtakatifu hana haja ya kujitetea. Kaiser alijua atahitaji.

Kina kasoro moja ambayo siwezi kuiruka. Watu wa Maela wamejaa humo, lakini anayewasemea ni yeye. Tunawaona wakiwa njaa, kwenye baridi, kwenye malori. Hatuwasikii wakicheka, na Shosho anasema Maela walicheka sana, maana ungefanya nini kingine. Nilipomwonyesha kurasa kadhaa kwenye simu na kumtafsiria, alisikiliza kwa heshima kisha akasema, "Ni kweli. Lakini lile lori lilikuwa na harufu ya mbuzi, hajaandika." Hajaandika kwa sababu hakuwa ndani ya lori. Shahidi mmoja hatoshi, hata akiwa mkweli namna gani. Kitabu cha Kaiser kinaomba kitabu cha pili, cha waliobebwa, na hicho ni kazi yetu sisi wajukuu.

Sasa nije kwa jambo gumu.

Mwaka 2001 wapelelezi wa FBI kutoka Marekani walitoa ripoti kwamba Kaiser alijiua. Moja ya mambo waliyoyategemea ni historia yake ya ugonjwa wa akili. Maaskofu wakaikataa. Uchunguzi wa kifo ukafunguliwa mahakamani mwaka 2003, na tarehe 1 Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba padri aliuawa, na kwamba hoja ya kujiua haikusimama. Mpaka leo hakuna mtu aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Mimi nauamini uamuzi wa hakimu. Ninachopinga ni namna wengi wetu tunavyomtetea Kaiser. Nimesikia watu, wengine wakiwa na rozari mkononi, wakisema kwa ukali kwamba hakuwahi kuugua kichwa, kwamba hiyo ni propaganda tupu. Ukichunguza hofu yao utaona inafanana na hoja ya ripoti yenyewe. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba mtu aliyewahi kuugua akili hawezi kuwa shahidi wa kuaminika. Tofauti ni kwamba upande mmoja unasema aliugua, kwa hiyo tusimsikilize, na mwingine unasema tumsikilize, kwa hiyo hakuugua.

Hili linanihusu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilikuwa shida, lakini si hiyo iliyonirudisha nyumbani. Kichwa kiligoma. Nililala kwa keja wiki nzima nikisikia wenzangu wakienda darasani, na sikuweza kuinuka. Niliporudi Nakuru, watu wazuri kabisa, watu wa kanisa, waliniletea hadithi za watakatifu wanisome nipone. Nilisoma. Sikupata hata mmoja aliyeshindwa kuamka kitandani. Wote walikuwa na vichwa vinavyofanya kazi hata vikiwa vinakatwa. Nikafunga vile vijitabu nikiwa mpweke kuliko nilivyovifungua.

Kaiser ndiye aliyenitoa hapo, na si kwa maneno matamu. Fikiria mtu mwenye historia hiyo. Anajua kabisa kwamba siku moja itatumika dhidi yake. Bado anaenda kwenye tume, anakaa kitini, anataja majina. Kwangu huo ni ujasiri mkubwa kuliko tabasamu la kwenye moto. Ukimfutia ugonjwa ili kumlinda, umemwibia sehemu ya ushahidi wake, na umetuibia sisi mtu wa kutuombea.

Kanda hii ina mashahidi wengine wanaosubiri kuandikwa vizuri. Padri Michael Kamau Ithondeka, wa jimbo hili la Nakuru, aliuawa Januari 2008 kwenye kizuizi cha barabarani wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, aliyakemea mapigano hadharani, kisha akafa kifo cha kawaida uzeeni. Fomula ya vijitabu haina nafasi ya mtu kama Ndingi, kwa sababu hakuna moto mwishoni. Lakini kama shahidi ni anayesema alichokiona, basi naye ni shahidi, na bado hatujamsimulia inavyostahili.

Ombi langu kwa wanaoandika, hasa sisi tunaoandikia simu, ni hili. Tukifika kwa watu wa namna hii, tuache kuwasha mishumaa ya mtandaoni kila Agosti na kusema "alitupenda." Tuseme alisema nini, kuhusu shamba lipi, mbele ya nani, na nani alikasirika. Tuseme pia alikuwa mkali, aliugua, alikosea. Wamaasai wa Lolgorien walimzika kwao, na Wakikuyu waliopitia Maela wanamkumbuka, kwa hiyo hata kabila moja haliwezi kumfanya mali yake. Hadithi yake ikisimuliwa yote, inabidi tuisikilize tukiwa tumekaa pamoja, na hilo hapa Bonde la Ufa si jambo dogo.

Krismasi iliyopita nilimpelekea Shosho picha. Nilikuwa nimeichapisha kwa saiba ya mjini, nyeusi na nyeupe, padri akiwa na zile nywele zake fupi za kijeshi. Akavaa miwani, akamtazama muda mrefu bila kucheka.

"Amezeeka," akasema.

Hakumweka ukutani na wale wengine. Alimpeleka jikoni, akambandika kwa selotepu juu ya ndoo ya unga.

"Akae hapa," akasema. "Aangalie laini."