Kingalu, Mtawala Aliyeombwa

Soko kuu la Morogoro Mjini linaitwa Soko la Chifu Kingalu, ila mwenye jina hilo si mtu mmoja. Kingalu ni cheo cha Kinole, huko juu Uluguru. Kwa Waluguru urithi hupita upande wa mama, kwa hiyo mpwa humrithi mjomba wake, jina na kazi pamoja.

Kazi yenyewe ilitaka ustadi mkubwa. Ardhi ya Uluguru ilikuwa mikononi mwa koo, na mzee wa ukoo ndiye aliyegawa mashamba. Mgeni aliyepewa pa kulima alipeleka ngoto, zawadi ndogo ya kukiri kwamba ardhi ile ina wenyewe. Kingalu hakuwa na amri juu ya shamba la ukoo mwingine. Alichokuwa nacho ni mvua. Watu walipanda milima kwenda kumwomba, wengine wakitokea mbali hadi Uzaramo. Naamini siasa yake ilifundwa hapo. Anayekuja kuomba mvua huja kwa hiari, na ukimdharau leo mwakani humwoni. Kwa hiyo unampokea, unamkalisha, unamsikiliza mpaka amalize, na heshima yako inakua kwa kila anayerudi kwao ameridhika. Kutawala watu wasiolazimika kukutii ni ufundi ninaouheshimu kuliko ule wa majeshi.

Wajerumani walileta maakida na majumbe, watendaji walioteuliwa nao. Baadaye Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya 1926, aliwapa watawala wenyeji mamlaka chini ya serikali ya Waingereza. Kingalu naye akatambuliwa kuwa sultani. Hapo ndipo penye uzito: mtu aliyezoea kuombwa sasa alitakiwa kudai, tena kodi, kwa niaba ya boma.

Ugumu wa kudai ulionekana wazi mwaka 1955. Serikali iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Wakati huo sultani wa Waluguru wote alikuwa Sabu bin Sabu, mwenye serikali nzima nyuma yake, na bado watu walikataa. Ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wa matuta ukavunjika.

Serikali huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, kodi, kesi na mishahara viliondoka. Kinole waliendelea kumsimika Kingalu, mpwa baada ya mjomba.