Maandishi ya André Yav: historia ya mji au dai la wafanyakazi?

Maandishi yajulikanayo kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaliyotungwa na André Yav mwaka 1965, yalifika mikononi mwa wasomaji wengi baada ya Johannes Fabian kuyachapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango. Fabian aliyaita historia itokayo chini. Hatukatai, lakini tunadhani jina hilo linaficha jambo moja. Yav hakuandika kwa niaba yake peke yake. Ukurasa wa kwanza unataja waliokuwa watumishi wa nyumbani katika komini za Elisabethville. Kwa nini watu hao waliungana katika kitabu, wala si katika sendika?

Jibu linaanzia katika hali ya mji wenyewe. Lubumbashi ulijengwa na wageni. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta mikono ya kazi mbali: Rodezia ya Kaskazini, Kasai, baadaye Rwanda na Burundi. Tangu 1910 palikuwa na Bourse du Travail du Katanga kwa ajili ya kuajiri watu hao, na Kiswahili kikawa lugha ya wasiokuwa na lugha moja. Mtu wa mgodi alihesabiwa, akalazwa kambini, akapewa posho pamoja na wenzake. Kambi ile ile iliyokusudiwa kumtawala ilimpa jirani wa kushauriana naye. Ndiyo maana mgomo wa Desemba 1941 uliwezekana, ijapokuwa Mwafrika hakuruhusiwa sendika. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake.

Boyi hakuwa na uwanja. Alikuwa peke yake katika jiko la bwana, akilala nyuma ya nyumba. Mgomo wa mtu mmoja ni kufukuzwa kazi tu. Kwa hiyo tunayasoma maandishi ya Yav kama mkutano ambao watumishi hawakuweza kuufanya walipokuwa kazini. Majina ambayo Waafrika waliwapa mabwana hayakuwekwa kwa kuchekesha: yanashuhudia tabia ya kila mmoja, na aliyeyajua vema ni yule aliyepika chakula chao. Hata habari za batumbula, watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu, hatuoni vizuri kuzitupa katika fungu la uvumi. Ziko karibu mno na habari za kazi, na msimulizi hazitengi.

Kazi hii ina upungufu. Tarehe zinagongana, na msomaji atakayeitumia kama kitabu cha mwaka kwa mwaka atapotea. Fabian ameeleza vizuri ugumu wa maandishi: maneno yameungana au kukatika pasipotarajiwa, na vituo ni haba, hata ikabidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke. Tungependa hoja hiyo iendelezwe zaidi. Maandishi yanayohitaji sauti yanahitaji pia wasikilizaji, yaani kundi.

Wako wenzetu wanaotaka yasanifishwe kabla ya kuwekwa mbele ya wanafunzi, upatanisho wa ngeli urekebishwe na maneno ya Kifaransa yaondolewe. Wajaribu kwanza na neno boyi. Kamusi itawapa mtumishi, neno lenye heshima, linalotumika hata kanisani. Lakini mzee mwenye wajukuu hakuitwa mtumishi alipokuwa akipiga pasi. Aliitwa kijana mdogo, kwa lugha ya kigeni, mbele ya watoto wa bwana wake, na ndilo neno alilolichukua yeye mwenyewe alipoanza kuandika madai yake.