Uhakika Si Usalama

Mfasiri aandikaye 'intaneti ya uhakika' huchanganya dhana mbili. Tumchukue msafiri wa Marekani aliyeegesha kambini gari-nyumba lake, lenye vitanda na jiko. Antena iliyo juu ya paa yaweza kumpatia mawimbi thabiti. Lakini mtandao wa kambi usipokuwa na nywila wala usimbaji, jirani aweza kunasa mawasiliano yake. Kinga hutokana na usimbaji, yaani kuugeuza ujumbe kuwa fumbo, kama ufanywavyo katika kiwango cha WPA3 kilichotangazwa mwaka 2018. Haitokani na nguvu ya mawimbi. Kwa hiyo twapendekeza 'uthabiti' kwa mawasiliano yasiyokatika, na 'usalama' kwa yale yaliyokingwa. Istilahi zikichanganywa, atakayeibiwa ni msomaji.