Nasaba, Ukoo na Mlango

Mtu wa Moshono, upande wa mashariki wa Jiji la Arusha, akisema "hili ni shamba la ukoo", huwa ametumia neno la pwani kwa maana ya mlimani. Kamusi zetu hazimsaidii msikilizaji. Huelekea kulieleza neno ukoo kwa nasaba, na nasaba kwa ukoo, kana kwamba mtu akiuliza njia ya kisimani hutosha kumwambia kuwa ndiyo iendayo kisimani.

Nasaba ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa kitendo nasibisha, na pia nisba, yaani majina kama Al-Barwani au Al-Shirazi yanayomtaja mtu kwa kabila lake au mji. Tusilichanganye na nasibu ya bahati. Hilo Waarabu huliandika kwa sadi, na nasaba kwa sini. Kiswahili kimeziunganisha sauti hizo, na wanafunzi wangu hawaachi kudhani kuwa ukoo wa mtu ni jambo la bahati. Pengine hawakukosea sana.

Basi nasaba si kundi la watu. Ni mfuatano wa majina, fulani bin fulani. Mtu huidai, na wengine waweza kuikanusha. Washirazi wa pwani walidai nasaba ya Uajemi. Wanahistoria wamebishana juu ya dai hilo, lakini neno lenyewe lilitumika sawasawa. Ukoo, kwa upande wake, ni watu: wana wazee wao, wana makaburi, wana ardhi.

Ndiyo maana siikubali sentensi kama "nasaba ya Waarusha ni Arusha Chini". Nasaba hupita katika watu, haipiti katika mahali. Arusha Chini, kusini ya Moshi, ndiko mapokeo yasemako Waarusha walitoka walipohamia Mlima Meru katika karne ya 19; hiyo ni asili, au chimbuko. Tena tofauti hii si pambo la vitabuni. Katika karne hiyo hiyo Waarusha waliwapokea Wameru na Wachaga wengi wakawa wenzao. Kitukuu wa mtu aliyepokelewa hivyo asili yake ni Umeru, nasaba yake yamtaja yule mzee wa Kimeru, na ukoo wake ni wa Kiarusha. Anayeyachanganya maneno hayo matatu humfanya mtu huyu ama mgeni ama mwongo.

Waarusha husema Kimaa, na katika lugha hiyo enkishomi ni lango la boma. Tena ni watu waliotoka katika lango hilo, wakihesabiwa kwa baba. Kiswahili cha pwani nacho kina mlango kwa maana ya tawi la ukoo, na kina tumbo, neno ambalo halimsahau mama. Yashangaza basi kwamba tuliupita mlango tukachukua ukoo, neno pana, tukalibana lipite kwa baba na wanawe wa kiume tu.

Matokeo yake huonekana barazani. Desturi ya Waarusha iliwarithisha ardhi wana wa kiume. Binti akidai sehemu ya shamba la baba yake, hujibiwa kwamba shamba ni la ukoo. Kwa Kiswahili cha pwani jibu hilo halimtoi, kwa kuwa naye ni wa ukoo wa baba yake. Nasaba haimtoi vilevile: katika mirathi ya Kiislamu, ambako nasaba hufuata baba, binti ana fungu lake. Kinachomtoa ni desturi ya lango, nayo haikutajwa.

Wala jambo hili si la Moshono peke yake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, sawa na mwanamume. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikazikataa desturi zinazowanyima wanawake ardhi. Sheria imesema, neno ukoo limeachwa na mzigo wake ule ule.

Napendekeza kamusi itakayofuata iupe mlango maana yake hii waziwazi, pamoja na mfano mmoja wa bara, na nasaba iachiwe majina. Na karani wa baraza anayeandika "shamba la ukoo" aongeze maneno machache: ni la mlango upi, na ni nani waliohesabiwa humo.